Ukiitwa Usiku

Nyumba kubwa imesimama kati ya miti, taa zake zote zinawaka. Nje, gizani, yupo mwanamume mnene aliyeshika mkoba wa kazini, na mbele ya mlango amesimama ndugu yake, anamkaribisha ndani kwa upole. Wote wameshafika, anamwambia, unangojwa wewe tu. Kwenye mwanga wa mlango kinapita kivuli cha mwanamke. Mwanamume anasita. Sebuleni kwetu Kongowe, usiku ule wa Jumamosi, hata watoto walikuwa wamenyamaza. Kikombe cha chai kilikuwa kimepoa mkononi mwangu na sikujua kimepoa saa ngapi. Ndipo mama, aliyekuwa ameketi mkekani na miguu ameinyoosha, akaiambia televisheni, kwa sauti anayotumia kumwonya mtoto anayesogelea jiko: "Usiitike."

Mpwa wangu ndiye aliyeileta sizoni hiyo. Alipeleka flashi kwa kijana anayejaza muvi pale barabarani, akarudi nayo mfukoni, akaichomeka nyuma ya televisheni, akatutangazia kwamba ni habari za majambazi. Ni *The Sopranos* ya David Chase, iliyoonyeshwa na HBO ya Marekani kuanzia Januari 1999 hadi Juni 2007, sehemu 86 kwa jumla. Tony Soprano ni kiongozi wa genge la New Jersey, mtu anayedhulumu na kuua mchana, kisha jioni anakaa mezani na mkewe na watoto wake wawili. Mwanzoni mwa msimu wa sita baba yake mkubwa, mzee aliyepotewa na kumbukumbu, anamdhania kuwa adui wa zamani na kumpiga risasi ya tumbo. Sehemu mbili zinazofuata Tony yuko mahututi, anapumulia mashine. Huku mwili umelala wodini, yeye mwenyewe yuko kwingine: hotelini, mji wa Costa Mesa, California, mfanyabiashara mpole aliyechukua kwa bahati mbaya mkoba na pochi ya mtu mwingine. Kila mtu anamwita Finnerty. Anakana, anaeleza, anakasirika, lakini hana karatasi inayosema yeye ni nani. Mwishowe anaanza kuitikia jina lisilo lake.

Mpwa wangu alikuwa akitutafsiria kwa mtindo wa Lufufu. Waliokulia kwenye mabanda umiza ya kuonyeshea muvi watanielewa. Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina hilo la Lufufu, alichukua muvi za ugenini na kuzizungumzia kwa Kiswahili juu ya sauti zao wenyewe, akiwapa watu wake maelezo ambayo mtunzi hakuyatoa. Kijana wetu naye, alipofika pale hotelini, hakuhangaika na maneno ya Kiingereza. Alisema tu, "Hapa jamaa hayuko duniani, lakini na kule bado hajapokelewa." Nimesoma maelezo mengi ya wajuzi juu ya sehemu hizo mbili, na bado tafsiri yake ndiyo ninayoishika.

Wageni wanaokuja kwetu wanalijua jambo hili la kuwa mahali pasipo pako. Kongowe zipo mbili. Ipo yetu, ya Kibaha, kwenye Barabara ya Morogoro, ukishapita Maili Moja na kabla hujafika Visiga na Mlandizi. Ipo ya Mbagala, kwenye Barabara ya Kilwa. Mtu akiambiwa "shuka Kongowe" asiulize ipi, huweza kujikuta jua linazama, begi begani, anamuuliza muuza matunda nyumba ya mtu ambaye mtaa ule haujawahi kumsikia. Nimempokea mgeni wa namna hiyo saa tatu usiku. Alikuwa na uso ule ule wa Tony Soprano kwenye kaunta ya hoteli: jina la mahali ni sahihi, kila kitu kingine si chake.

Basi muvi ilipokatishwa kidogo ili watoto wale, maoni yakaanza. Fundi pikipiki wa jirani alikuwa wa kwanza, na alikuwa amekasirika kweli. Saa nzima mtu anatafuta begi! Bunduki ziko wapi? Hakujua kwamba Machi 2006, Wamarekani walipoziona sehemu hizo kwa mara ya kwanza, wengi walisema kama yeye. Walikuja kutafuta damu wakapewa mtu aliyepotea korido za hoteli. Jirani yetu mlokole alikuwa na lawama nyingine. Mtu aliyeua watu wote wale, inakuwaje akikaribia kufa apelekwe hotelini kwenye mashuka meupe, badala ya kuonyeshwa moto akapata kutubu? Alilisema kwa uchungu, kwa sababu anaamini kwamba dakika ile ni ya mwisho kutolewa, na muvi imeichezea. Mpwa wangu akawatuliza wote wawili kwa hesabu. Sizoni bado ndefu, akasema, zimebaki sehemu nyingi kwenye flashi. Stelingi hafi.

Stelingi hafi. Neno hili tumelirithi kwenye mabanda umiza, kwenye mabenchi ya mbao na joto la mabati, na nadhani hakuna msemo wa muvi uliokaa sana midomoni mwetu kuliko huo. Adui anaweza kuwa na jeshi, stelingi ana kisu. Adui anamtupa majini, benchi zima linajua ataibuka. Vitabu vyetu vya upelelezi vilitulea hivyo hivyo. Majina yake tu yanatosha: Elvis Musiba alimpeleka Willy Gamba kwenye *Kufa na Kupona*; Ben Mtobwa alimtuma Joram Kiango kwenye *Tutarudi na Roho Zetu?*, na ile alama ya kuuliza ilitukosesha usingizi ingawa tulijua jibu. Uingereza nako, mwaka 1893, Arthur Conan Doyle alimtumbukiza Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi akadhani amemalizana naye. Wasomaji wakamlilia, wakamwandikia barua za hasira, maelfu wakaacha kulinunua jarida lililochapisha hadithi zake, na mwaka 1903 mpelelezi akarudi akiwa mzima. Naipenda habari hiyo kwa sababu moja: walimwita mpaka akaja.

Wanaosema msemo huo ni wa kitoto hawajakaa nao. Mpwa wangu si mtoto. Ana miaka kumi na tisa, ameshika majeneza mawili ya rafiki zake wa kijiweni, na anajua vizuri kuliko mimi kwamba siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Anaposema stelingi hafi anaomba pawepo mahali pamoja, walau kwenye kioo cha inchi thelathini na mbili, ambapo mti hautelezi. Namwelewa. Mwaka 2012, tarehe 7 Aprili, habari za kifo cha mwigizaji wetu Steven Kanumba zilipofika huku alfajiri, kuna mtu kituoni aliyesema kwa utulivu kabisa kwamba hiyo itakuwa muvi mpya inatangazwa. Kanumba alikuwa na miaka 28. Tulikuwa tumemwona akilia, akizimia, akilazwa na kuamka mara ngapi kwenye muvi zake? Yule mtu kituoni hakuwa mjinga. Alikuwa akishika alichokuwa nacho.

Mama hakuingia kwenye ubishi wa stelingi. Yeye alibaki na ile nyumba yenye taa. Aliuliza swali moja tu: yule anayemkaribisha ni nani yake? Mpwa akamweleza kwamba ni binamu yake, na kwamba Tony mwenyewe ndiye aliyemuua, msimu uliopita. Mama akatikisa kichwa taratibu. "Ndiyo maana anamwita," akasema. "Na ndiyo maana anataka autue mkoba kwanza." Maana ni kweli, binamu alikuwa amemtaka auache mkoba nje, ndani hakuingiwi na shughuli za biashara. Tony aling'ang'ania. Mkoba wenyewe si wake, jina lililomo si lake, lakini mkono haukutaka kuuachia.

Kwetu Pwani mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa usiku, usiitike. Sauti itakuwa ya mtu unayemjua, itatamka jina lako vizuri, itatoka upande wa mwembeni au kisimani. Nyamaza. Ngoja mpaka uitwe mara ya tatu, kwa sababu, walitwambia, asiye wa duniani haiti mara tatu. Nilikuwa nikilala na shuka mdomoni kwa kuogopa ulimi wangu mwenyewe, maana mchana mtoto aliyelelewa vizuri haachi kuitika. Wa kike ni "abee", wa kiume ni "naam", na kuchelewa ni utovu wa adabu. Usikatae wito, kataa neno, wanasema wazee. Mchana, basi, wito haukataliwi kamwe. Usiku wito wenyewe ndio mtihani. Na mtu akifa tunasema ameitwa. Hatuongezi ameitwa na nani, wala ameitwa mara ngapi.

Na hapa kwetu watu huitwa tangu alfajiri. Makonda wanaita, "Mlandizi, Mlandizi, siti ipo!" Wauza mahindi wanaita madirisha ya mabasi yanayokwenda Morogoro na Dodoma. Muadhini anaita, kengele inaita. Malori yanapita usiku kucha, na honi zake, ukiwa kati ya usingizi na kuamka, hufanana na mtu anayesema jina moja refu. Barabara hii hutulisha sote, nayo ndiyo hutuchukulia watu. Hakuna familia pande hizi isiyokuwa na mtu aliyepelekwa Tumbi, hospitali iliyozaliwa ndani ya mradi wa nchi za Nordiki uliokabidhiwa Serikali mwaka 1970, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani na mara nyingi ndiyo mlango wa kwanza kwa majeruhi wa njia hii. Kwa hiyo tunapoona muvi ambayo mtu anapumulia mashine, hatutazami kitu kigeni. Kila mmoja pale mkekani alikuwa na benchi lake la hospitali alilowahi kulikalia.

Benchi langu lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya bluu, na rangi ilikuwa imebanduka pale watu wanapokamata kwa mikono. Mdogo wangu aliangushwa na gari usiku akiwa na bodaboda. Hatukuwa na muda wa kulia, palikuwa na fomu ya PF3 ya kuchukua polisi, palikuwa na ndugu wa kutafuta wa kuchangia damu, palikuwa na simu zinazoita na watu wanaouliza "anaendeleaje?" kana kwamba tulikuwa tumeruhusiwa kujua. Kuna chupa ya chai iliyokaa siku tatu chini ya benchi lile ikijazwa na watu nisiowakumbuka. Kuna khanga ya mama ambayo pindo lake alikuwa amelifunga fundo, na ndani ya fundo mna fedha, na alikuwa akilifungua na kulifunga, akilifungua na kulifunga, bila kutoa kitu. Mlango wa chumba cha wagonjwa mahututi aliruhusiwa kuingia mtu mmoja, kwa dakika chache. Aliingia yeye.

Mdogo wangu amepewa jina la babu yetu, baba yake mama. Kwa hiyo tangu azaliwe mama hakuwahi kumwita jina, humwita "baba". Ndivyo ilivyo kwetu: mtoto wa kiume aliyerithi jina la mzee huwa baba wa mama yake. Alipofika darasa la sita akaanza kuona aibu, na alipoingia kijiweni akamkataza kabisa. Mama mzima anamwita kijana wa bodaboda "baba" mbele ya abiria! Akamwomba amwite kwa jina la shule kama watu wengine, na mama akajitahidi. Lakini pale kitandani, muuguzi alituambia baadaye, jina la shule halikumjia hata mara moja. Alisimama karibu na sikio lililofungwa bendeji, akaita, "Baba. Baba. Baba." Muuguzi mgeni alidhani mama amechanganyikiwa, anamwita marehemu mzazi wake. Labda alikuwa anawaita wote wawili, mmoja asimchukue mwenzake.

Muvi iliporudi, Tony bado alikuwa mbele ya ile nyumba. Na hapo pana kitu nilichotaka kukiandika tangu mwanzo, nikawa nakizunguka. Kutoka kwenye miti, nyuma yake, inasikika sauti ya mtoto wa kike. Ni hafifu, upepo unaikata. Inamwita baba, inamwomba asiende. Anageuka. Anaitazama nyumba, anaitazama miti. Halafu tunaona mwanga wa wodi, na binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, ameinama kitandani. Ndiye aliyekuwa akiita. Neno alilolisema akiwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu lilifika kule likiwa na sauti ya mtoto mdogo.

Pale sebuleni hakuna aliyesema kitu. Mdogo wangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na mguu wake mbovu ameuegemeza kwenye kigoda, aliinuka akatoka nje, akasema anakwenda kufunika pikipiki. Ilikuwa imeshafunikwa.

Jirani yetu mwingine ni muuguzi mstaafu, na yeye ndiye aliyeturudishia maneno. Alisema katika kazi yake walifundishwa wasizungumze ovyo juu ya mgonjwa asiye na fahamu, kwa sababu masikio ndiyo ya mwisho kufunga duka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakikata roho, wakakuta wengine bado unaitikia sauti ingawa wenyewe hawakuonyesha dalili ya kusikia. Kama walielewa walichosikia, kipimo hakiwezi kusema. Lakini yule muuguzi mstaafu hakuhitaji Kanada. Alikumbusha kipande kilichotangulia, pale mfuasi wa Tony anayeitwa Paulie anapokaa kando ya kitanda na kumwaga maneno yasiyo na mwisho juu ya mambo yake mwenyewe, na Tony kule hotelini anayasikia kama kelele za chumba cha jirani, anagonga ukuta akiomba utulivu, na huku wodini moyo wake unakwenda mbio hadi mashine zinapiga kelele. "Hicho ndicho cha kweli kuliko vyote," akasema muuguzi. "Nimewatoa wodini watu wa aina hiyo kwa mikono yangu." Kila mtu akacheka, kwa sababu kila mtu alikuwa na shangazi au jirani wa aina hiyo.

Watazamaji hubishana kama mtu aliyechungulia kaburi aliona kweli au aliota, kama ile nyumba ni ahera au ni dawa za usingizi. Ubishi huo nimeusikia Kongowe na nimeusoma ukitoka kwa watu wa mbali, na kila upande una akili yake. Mimi kinachonishughulisha ni sisi tulio upande wa benchi. Mle ndani hatuingii. Hatujui nyumba ikoje wala nani kasimama mlangoni. Tulicho nacho ni jina, na pumzi ya kulitamkia. Nasi huwa tunalitumia vibaya: tunasimama kitandani tukizungumzia gharama, nani hajachanga, gari lilikuwa la nani. Nimefanya hivyo mimi. Dakika moja niliyopewa siku ya pili, nilipoingia badala ya mama, niliitumia kumwambia mtu asiye na fahamu kwamba bosi wa pikipiki amepiga simu.

Alipozinduka siku ya nne tulimuuliza, kama kila mtu anavyouliza, aliona nini. Hakuona kitu. Hakukumbuka gari, wala giza, wala mwanga. Alikumbuka kiu tu. Mama alimsikiliza, akamwagia maji kijikoni, akambusu mkono, na nikaona usoni mwake kwamba alikuwa ametumaini jibu jingine. Hakumwambia kwamba alimwita. Mpaka leo hajamwambia, na mimi sikumwambia. Lakini wiki kadhaa baadaye, nyumbani, alikuwa amekaa barazani na wenzake wa kijiweni waliokuja kumjulia hali, na mama, akiwa jikoni, akajisahau, akaita kwa nguvu, "Baba, njoo uchukue uji!" Vijana wakageuka. Yeye akaitika, "Naam," akanyanyuka na magongo yake.

Sehemu ilipokwisha mama aliuliza kama yule mnene bado yupo. Alimaanisha mwigizaji. Nikamwambia James Gandolfini alifariki Juni 2013, akiwa na miaka 51, huko Roma, safarini. Akauliza, kama wanavyouliza watu wa umri wake, alikuwa na nani. Nikamjibu kwamba alikuwa amesafiri na mwanawe wa kiume. Akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo, akakaa kidogo, halafu akaanza kukusanya vikombe.

Watoto walikuwa wamelala pale pale mkekani, mmoja juu ya mwenzake, kama mashuka yaliyoanuliwa kwa haraka mvua inapokuja. Mpwa wangu alichomoa flashi. Taa ya barazani ilikuwa imezimwa na lori lilikuwa linapanda kutoka upande wa Visiga. Mama akasimama juu yao, akawaita mmoja mmoja waamke wakalale ndani, na kila mmoja akaitika kwa usingizi na kujikokota. Mdogo kuliko wote hakusikia. Akamwita. Akamwita tena. Mdogo wangu alikuwa amerudi mlangoni, ameshika fremu, anatazama. Mama akainama, akamwekea mtoto kiganja kifuani, akamwita mara ya tatu.

"Naam, bibi."